Umemsoma Maslow, au Umesimuliwa?

Insha yangu ya kwanza ya saikolojia ilirudi na swali moja la kalamu nyekundu ukingoni: "Piramidi hii iko ukurasa gani?" Nilikuwa nimeichora vizuri ile piramidi ya mahitaji ya binadamu inayohusishwa na mwanasaikolojia Abraham Maslow, chakula na maji chini, kujitimiza kileleni, na pembeni nikaandika (Maslow, 1943). Kumbe makala ya Maslow ya 1943, iliyotoka katika jarida la Psychological Review, haina piramidi. Ni maandishi tu, ukurasa wa 370 hadi 396. Mchoro ule ulikuja baadaye, kwa mikono ya wengine. Mimi niliutoa kwenye fotokopi niliyonunua kibandani nje ya geti la chuo. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, hata jina la kitabu limekatwa juu.

Nilipomwendea mhadhiri ofisini hakuniita mwizi. Aliniuliza kama nimeisoma makala yenyewe. Nikanyamaza. Akasema, "Basi taja ulichokishika mkononi."

Tangu siku hiyo hilo ndilo naanza nalo kila ninapowasaidia wadogo zangu wa mwaka wa kwanza. Kama habari za Maslow umezikuta ndani ya kitabu cha mtu mwingine, sema hivyo: ndani ya mabano weka Maslow na mwaka wake, kisha "kama alivyonukuliwa na", kisha mwandishi uliyemsoma na mwaka wa kitabu chake. Kwenye orodha ya marejeleo mwishoni anaingia huyo uliyemsoma peke yake. Maslow haingii. Wengi humwingiza ili orodha inenepe, na hapo ndipo mhadhiri anapowanasa.

Lakini afadhali uitafute asili. Vyuo vingi hapa Kenya hupata majarida ya kielektroniki kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC, na ada yako ya karo inasaidia kuyalipia. Nilikaa mwaka mzima nikilipa saiba mjini kutafuta makala za bure, ilhali nenosiri la maktaba lilikuwa likinisubiri kwenye dawati la mkutubi. Bado linaniuma.

Jihadhari pia na miongozo ya kurithishana. Karatasi niliyopewa na kaka mmoja wa mwaka wa nne ilifuata toleo la sita la APA, yaani mwongozo wa kutaja vyanzo wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Toleo la saba lilitoka 2019 na mambo yakabadilika: mji wa mchapishaji hauandikwi tena, na kazi ya watu watatu au zaidi unaandika jina la kwanza na et al. (yaani "na wengine") tangu mara ya kwanza. Kwa hiyo jaribio la mdoli wa Bobo la Bandura, Ross na Ross, lile la watoto kuiga mtu mzima anayempiga mdoli, linakuwa (Bandura et al., 1961) moja kwa moja. Ila kwenye orodha mwishoni wote watatu wanaonekana.

Ukichukua maneno ya mtu neno kwa neno, weka alama za kunukuu na namba ya ukurasa. Yakifika maneno 40, yatoe kwenye aya yako, yasimame peke yake yakiwa yamesogezwa ndani, bila alama. Na kubadilisha maneno matatu katika sentensi ya mtu hakuifanyi yako. Mimi hufunga kitabu kwanza, ndipo naandika.

Niliwahi pia kumpigia simu mshauri nasaha mmoja kuhusu watoto waliofiwa. Mazungumzo kama hayo hutajwa ndani ya insha, jina na tarehe, na hayaingii kwenye orodha, kwa sababu msomaji hana pa kuyapata.

Programu za akili bandia? Zitakupa mwandishi, mwaka, jarida, hata kurasa, na huenda makala yenyewe haipo duniani. Mimi hubandika kiungo cha DOI, ile namba ya kudumu ya kutambulisha makala mtandaoni, kwenye kivinjari. Kisipofungua makala ile ile, naitupa.

Insha ya pili niliandika kuhusu mdoli wa Bobo, baada ya kusoma kurasa zote nane za Bandura na wenzake. Kalamu nyekundu ilirudi tena. Safari hii iliuliza kwa nini nadhani watoto 72 wa chekechea moja ya Chuo Kikuu cha Stanford wanaweza kutuambia lolote kuhusu watoto wa mtaa wa Kayole, Nairobi.