Mtoto alipwe kwa kuosha vyombo?

Swali lenu la wiki hii linauliza kama inafaa kumlipa mtoto kwa kazi za nyumbani. Kwangu, kuosha vyombo, kufagia uwanja na kuteka maji havilipwi. Posho mtoto apewe, ila isifungamane na zamu.

Hapa kwetu Tandahimba, tunakolima korosho, nina watoto watatu: mmoja anateka maji, mwingine vyombo, mdogo analisha kuku. Kila Jumapili wanabadilishana, na mvulana anaosha sufuria kama dada zake, hilo sina mjadala nalo. Mama mkwe wangu alishasema kwamba mtoto halipwi kwa kuosha sahani yake mwenyewe, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaka mtoto awasaidie wazazi wake. Ukizoea kulipa, siku huna hela ndoo zitalala tupu.

Posho ni habari nyingine. Kila Jumamosi mkubwa anapata shilingi 1,000, wa kati 500, mdogo 300. Aliyekwepa zamu hatoki kucheza mpaka amalize, lakini posho yake haiguswi. Mpange kiasi mnachokimudu hata mwezi wa tatu, korosho zikiwa zimeisha.

Wapo wanaosema posho ni mambo ya mjini, ya wenye mishahara. Sisi wa korosho ndio tunaihitaji zaidi. Oktoba msimu ukichanganya, nyumba haina kitu: korosho nyingine zimeanikwa uani, nyingine ziko chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, zinasubiri mnada, na malipo bado. Wakati huohuo mnunuzi wa kangomba, anayenunua korosho kwa magendo nje ya ushirika, anapita na hela mkononi. Biashara hiyo imepigwa marufuku, lakini yeye hachagui muuzaji. Hata mtoto akimletea korosho kwenye mfuko wa madaftari, anampimia. Mtoto asiye na hata mia ya ubuyu, analala chumba kimoja na magunia, tunamtia majaribuni wenyewe.

Ninachokilipia ni kuokota korosho, maana kibarua naye ningemlipa. Mtoto anaokota, anaizungusha korosho mpaka iachane na bibo, lile tunda lake laini, kisha anakwangua nyama iliyoganda pale iliposhikana, kwa sababu ikianikwa nayo inaota ukungu na ghalani inashushwa daraja. Sado moja, yaani kindoo cha kupimia, ikiwa safi ni shilingi 200, na nalipa jioni ileile. Yenye mabaki ya bibo inarudi kwa mwenyewe aimalizie.

Posho wanaitumia wapendavyo. Hela ya sado nusu inaingia kwenye kibubu hadi Januari, shule zikifunguliwa. Mwaka huu mkubwa alinunua madaftari, na iliyobaki akaniongezea tununue kuku mtetea. Mayai tumekubaliana ni yake.

Saa za shule hakuna kuokota, na mtini hapandi mtu.

Mama wa watoto watatu, Tandahimba, Mtwara