Anza na masikio, picha zitafuata

Mdogo wangu, umeuliza ujifunze vipi mitindo ya kuhariri, maana video zako za safari za pikipiki kutoka Mwanza watu wanaziacha mapema. Chukua video moja unayoipenda, zima sauti, uhesabu kila picha inakaa sekunde ngapi. Kisha irudie umefumba macho, usikilize tu. Utashangaa kazi kubwa inavyofanywa na sauti!

Mfano, unakwenda Kamanga kwa kivuko, ng'ambo ya ziwa. Picha ikiwa bado barabarani, ingiza honi ya kivuko sekunde 2 mapema, ndipo tuone lango la chuma na tairi la mbele likipanda. Tunafika kivukoni kwa masikio kabla ya macho. Upepo unaonguruma kwenye maiki ya helmeti punguza kabisa. Mlio wa injini urekodi kando, pikipiki ikiwa imesimama.

Mwendo wa taratibu: rekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) 60 kwa sekunde, hariri kwa 30, mwendo utapungua nusu. Programu ya kuhariri isikusumbue, DaVinci Resolve ina toleo la bure.

Jumamosi nenda Mwamba wa Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani hapo Mwanza, rekodi dakika chache tu, uzihariri mara 3 kwa mitindo tofauti. Ziweke hapa, nitazitazama zote.