Kuvu wa kuua kiduha: usimtendee kama dawa ya chupa

Msimu wangu wa kwanza wa kutumia kuvu dhidi ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, niliyemuua ni kuvu. Kiduha kilichanua vizuri tu, maua ya zambarau shamba zima.

Kosa lilikuwa langu. Niliacha mfuko juani asubuhi nzima nikichimba mashimo, kisha nikaweka kuvu katika shimo moja na mbegu za mahindi zilizopakwa dawa ya ukungu. Yaani nilileta askari nikamlisha sumu.

Anayefanya kazi hapa ni aina maalumu ya Fusarium oxysporum, inayokuzwa juu ya wali. Katika majaribio ya magharibi mwa Kenya kwenye mashamba 500, kuvu alifika kwa wakulima akiwa amekaushwa kwenye vijiti vya kuchokolea meno, kisha akakuzwa kijijini. Faida yake ni kwamba anakishambulia kiduha kikiwa bado ardhini. Palizi hufika imechelewa, maana mpaka kichomoze kimeshanyonya mizizi ya mahindi.

Kagua wali kabla ya kupanda. Punje ziwe zimevaa utando mweupe kama pamba, pengine wenye wekundu kidogo. Ukiona kijani au nyeusi, au ukisikia harufu ya uvundo, tupa wote, usichambue. Udongo uwe na unyevu, weka kiasi cha kushika kwa vidole viwili kila shimo, fukia papo hapo. Na tafadhali usijitengenezee kwa kuokota mmea ulionyauka: ndugu wa kuvu huyuhuyu ndio wanaonyausha migomba na nyanya.

Magugu mengine hatayagusa, kwa hiyo jembe usiliuze. Nchini Australia, mwaka 1971, waliachia kuvu wa kutu, Puccinia chondrillina, kwenye gugu lililosumbua ngano. Aina ya majani membamba ilipigwa sana, zile nyingine zikajitanua mahali pake. Kuvu anachagua kiasi hicho. Wale wa kunyunyizia majani nao wanataka umande wa saa nyingi, kwa hiyo wapigwe jioni, tena kwa bomba ambalo halijawahi kubeba dawa ya ukungu.

Kiduha kilichopona king'oe kabla hakijakomaza mbegu. Mche mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, na hukaa udongoni zaidi ya miaka 10.

Msimu wa pili nilitumia mbegu zisizopakwa dawa, nikaacha mistari mitatu bila kuvu. Kabla kiduha hakijachomoza nilifukua shina moja kila upande. Kwenye mistari mitupu, vichipukizi vyeupe, vinono, vilikuwa vimeng'ang'ania mizizi. Upande wa kuvu vilikuwa vya kahawia, na nilipovigusa vikapondeka kidoleni.