Mhakiki alitumwa na waliochanga

Ndugu mhariri,

Mmeuliza kama nchi ambayo kumbi zake nyingi za sinema zimegeuka makanisa bado ina haja ya wahakiki wa filamu. Swali limenigusa pabaya. Linachukulia kwamba ukumbi hutangulia na mhakiki hufuata. Kwetu Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mhakiki alitangulia.

Tulikuwa watoto wa avenue moja, na pesa ya kuingia kibanda cha video haikututosha wote. Basi tulichanga, mmoja akaingia, akitoka atusimulie. Ilipoletwa La Vie est belle, filamu ya mwaka 1987, zamu ilikuwa yangu. Nilikaa chini mbele kabisa, nikamtazama mwimbaji Papa Wemba akiigiza Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayefika Kinshasa na kuishia kuwa boyi, mtumishi wa nyumbani, kwa tajiri. Wenzangu walikuwa nje wakinisubiri, na kwa sababu yao nilitazama kila kitu: nani kaingia, kavaa nini, nani kanyamaza.

Kutoka tu, wakanizingira. Nikaanza na nyimbo, wakanikatiza: nyimbo tumezisikia ukutani, tuambie watu! Kabibi, msichana anayependwa na Kourou, ni mzuri namna gani? Tajiri naye anamtaka msichana huyo huyo? Boyi anajua? Nilipofika kwa mganga anayemshauri tajiri aoe mke wa pili, walicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa akiuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, akasogeza beseni lake karibu asikie. Filamu ilikuwa ya Kifaransa. Mimi nilimsemesha tajiri Kiswahili cha wafanyabiashara wa soko letu, na hakuna aliyelalamika. Lakini nilipotaka kuruka kipande nifike mwisho, mkubwa wetu, aliyetoa pesa nyingi kuliko wote, alinishika mkono: rudi nyuma, la sivyo urudishe pesa yangu. Nikarudi nyuma. Tangu hapo, kila nikiandika juu ya filamu, nawaona wale watoto wamenizunguka.

Ndiyo maana nilikaa nikuandikie kwamba wahakiki wa magazeti hatuwahitaji, wasimulizi wanatosha. Ila nikiandika hivi kuna jambo linanizuia. Jioni ile hakuna aliyeuliza filamu ni ya nani, wala mimi sikusoma majina. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba Mwezé Ngangura, aliyeiongoza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, alizaliwa hapa hapa Bukavu, mwaka 1950. Ndiye aliyetwaa Étalon de Yennenga, tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, mwaka 1999, kwa Pièces d'identités. Mtoto wa mji wetu! Tulisimulia kazi yake kwa majuma, kila mtu akiongeza chumvi yake, na jina lake halikupita kinywani mwa yeyote. Papa Wemba alipofariki mwaka 2016, vijana wa kwetu waliimba nyimbo zake zote. Niliowauliza kuhusu Kourou hawakumjua.

Kwa hiyo nasema wanahitajika. Sisemi wote. Wanaoandikia majaji wa tamasha la ng'ambo waendelee huko, siwazuii. Ninaowataka waandike kwa Kiswahili hata kama filamu ni ya Kilingala au Kifaransa, wataje aliyeongoza na alikotoka, wasiruke kipande ili wafike mwisho. Na gazeti lenu liwaachie wasomaji nafasi ya kuwauliza, kwa ukali ule ule wa waliochanga.