Grupu la walimu mia nane, na sijifunzi kitu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha hisabati Darasa la 5 huku Nkasi, shule ya kijijini, somo nimebaki nalo peke yangu. Nipo kwenye magrupu manne ya WhatsApp ya walimu, moja lina watu zaidi ya mia nane, kutwa nzima ni "mmeamkaje", matangazo ya mikopo, tetesi za uhamisho na watu wanaoomba andalio la somo la kesho. Bando linaisha na mwalimu mkuu anaona nachati tu. Nijitoe yote?
Mwl. wa Rukwa

JIBU: Marahaba. Matatu jitoe leo. Hilo kubwa libakize kwa ajili ya matangazo, na kwenye setingi zima ile ya picha na video kujishusha zenyewe, maana bando lako linaliwa hapo. WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024 kwenye grupu moja, sasa nani ataandika mbele ya umati huo kwamba kipindi kimemshinda, na afisa elimu kata labda yumo humohumo anasoma? Ndo maana watu wanabaki kusalimiana.

Chagua humo walimu watano au sita wa hisabati Darasa la 5, wafuate inboksi, fungueni lenu. Hakuna kuomba andalio, mtu analeta kazi ya watoto. Mfano 1/2 + 1/3, nusu ya darasa wameandika 2/5, yaani wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, we piga picha daftari bila jina la mtoto, rekodi vois ya dakika moja useme ulifundishaje, waulize wenzio wao wanaanzia wapi. Mmoja atakwambia anakunja karatasi, mwingine anawauliza watoto kama hiyo 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo (hili swali mi nalipenda sana, mtoto anashtuka mwenyewe kwamba kajumlisha halafu kapata pungufu). Kajaribu darasani, kisha urudi kusema ilikuwaje, hata kama ilibuma. Hapo kwenye kurudi ndo wengi wanapotea, na mafunzo yenyewe yako hapo.

Mwalimu mkuu usibishane nae. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inataka kila shule iwe na jumuiya ya ujifunzaji, basi hiyo 2/5 ipeleke kwenye kikao chenu, hata wa Kiswahili na Sayansi watachangia, atajua simu ilikuwa inafanya nini. Vitabu vya maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) shusha siku ukienda mjini penye mtandao wa maana.

SWALI: Naruhusiwa kuposti video ya wanafunzi wangu wakiimba jedwali la kuzidisha? Imependeza sana.
Mwl. Tandahimba

JIBU: Bila ridhaa ya wazazi usiposti, hata kwenye grupu la walimu watupu, video haikai sehemu moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeweka taarifa za watoto kwenye zile nyeti. Kama unachotaka kuonyesha ni mbinu, rekodi ubao na mikono yako, inatosha.