Usifute fremu 200 kwa mkono: kwa wanaoanza brashi kwenye programu za nodi

Kazi yangu ya kwanza ya kufuta kitu kwenye video ilikuwa klipu ya sekunde 8 iliyopigwa Moshi asubuhi na mapema. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kimesimama cheupe nyuma ya mji, na mbele yake nyaya mbili za umeme zimekata anga kutoka upande mmoja wa picha hadi wa pili. Mteja alitaka mlima bila nyaya. Fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, maana yake fremu 200. Nilifungua nodi ya Paint (nodi ni kisanduku kinachofanya kazi moja kwenye picha, kisha kinaunganishwa na vingine), nikachukua brashi ya kunakili, ile inayochota sehemu moja ya picha na kuibandika juu ya nyingine, nikafuta fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu, hivyo hivyo hadi mwisho. Siku mbili nzima. Nilipoicheza, anga lilitetemeka pale pale nyaya zilipokuwa. Ukiisimamisha fremu yoyote ilikuwa safi, lakini zikifuatana jicho liliona kwamba mkono haukupita sawa hata mara mbili.

Vijana ninaowafundisha sasa hapa Arusha huanzia hapo hapo, hasa waliozoea picha za mnato, ambako ukifuta kitu kimefutika. Kwa hiyo kabla mtu hajashika brashi namwuliza: mstari unaotaka kuchora utaishi fremu ngapi? Asiyeweza kujibu hilo bado hajawa tayari kuchora.

Wengi wenu mtaanza na Fusion, programu ya nodi, kwa sababu iko ndani ya DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, tangu toleo la 15 la mwaka 2018, na toleo la bure linatosha kabisa kujifunzia. Ukifungua nodi ya Paint, brashi inayokungoja ni Multistroke. Mstari wake, usipobadilisha kitu, unaishi fremu moja, na ukishauchora huwezi kuurekebisha. Mgeni anachora, anasogea fremu moja mbele, mstari haupo. Anadhani programu imeharibika. Haijaharibika. Multistroke imetengenezwa kwa vumbi, mikwaruzo na alama ndogo ndogo zinazohitaji mistari mingi katika fremu moja. Stroke, iliyo jirani yake, inakaa klipu yote, na unaweza kuihamisha, kuibadilisha unene au kuifupisha umri baadaye. Gharama yake ni uzito: ukiwa na mamia ya Stroke kwenye nodi moja, kompyuta itakwama. Ukimaliza kuchora, rudi kwenye mshale wa kuchagua, la sivyo utabofya picha kwa bahati mbaya na kuacha doa utakalolitafuta jioni nzima. Kwenye Nuke na Natron, programu nyingine za nodi, nodi hii inaitwa RotoPaint, na swali la umri wa mstari ni lile lile.

Turudi kwenye zile nyaya, maana zina somo karibu lote.

Kipande cha waya kilichopita kwenye anga kilihitaji mstari mmoja tu. Kamera ilikuwa juu ya tripodi. Unachagua Stroke, unaiweka hali ya kunakili, unashika Alt na kubofya chanzo pikseli chache juu ya waya, kisha unapita juu ya waya mara moja, mwanzo hadi mwisho. Stroke hiyo inanakili kutoka fremu inayochezwa wakati huo, si kutoka fremu uliyochorea. Wingu likisogea kwenye chanzo, linasogea na kwenye kiraka, yaani ile sehemu uliyobandika. Chanzo kiwe karibu: anga la asubuhi huwa jeupe zaidi kadiri unavyoshuka kuelekea upeo, na ukichota juu sana utaacha mkanda mweusi unaofuata njia ya waya. Kamera ikiwa ya mkononi, tuliza klipu kwanza, chora, halafu urudishie mtikisiko wake.

Waya ulipokata ukingo wa theluji, njia hiyo iligoma, kwa sababu ukichota juu unalileta anga ndani ya mlima. Lakini mlima hausogei. Hapo unagandisha fremu moja, kwa Fusion ni nodi ya TimeStretcher ukiwa umeiondolea animesheni. Unasafisha fremu hiyo hiyo moja kwa utulivu wote, unaikata kwa maski (umbo linaloacha sehemu moja tu ya picha ionekane) yenye kingo laini, unaiweka juu ya klipu kwa Merge, nodi ya kuweka picha moja juu ya nyingine. Picha ikisogea, katikati unaweka ufuatiliaji, yaani programu inafuata alama moja kwenye picha fremu kwa fremu, ili kiraka kitembee nayo. Angalia hapa: fremu uliyoigandisha iwe ndiyo fremu ya rejea ya ufuatiliaji, ile unayoanzia kupimia mwendo. Ukichora kwenye fremu ya 60 na ufuatiliaji ukaanza kuhesabu kutoka 0, kiraka kitakaa pembeni ya mahali pake, nawe utaanza kukisukuma kwa mkono. Ukijikuta unasukuma, simama uangalie namba hizo mbili.

Kiraka kilichogandishwa kimegandisha na chembechembe zake, vile vidoa vidogo vya kamera vinavyobadilika kila fremu. Klipu ya mchana haikusumbui sana, lakini iliyopigwa wakati wa magharibi, kamera ikiwa imepandishwa ISO (usikivu wake kwa mwanga), inachemka chembe kila mahali isipokuwa kwenye kiraka. Ongeza chembe juu ya kiraka peke yake, si juu ya picha nzima, kwa sababu picha nzima tayari inazo.

Kuna kosa moja la kwangu ambalo bado linaniuma. Nilifuta kibao cha tangazo kando ya barabara hapa mjini, kiraka kikakaa vizuri, nikakabidhi. Sikuwa nimeitazama klipu hadi mwisho. Karibu na sekunde ya sita bodaboda anapita mbele ya kibao, na kichwa cha dereva kinamezwa na kiraka changu, kisha kinatokea upande wa pili. Mteja ndiye aliyekiona. Tangu hapo, kabla ya kuchora chochote nacheza klipu yote na kuandika kwenye daftari kila kinachopita mbele ya kitu ninachofuta, na katika fremu gani. Vitu hivyo unavikata kwa maski kutoka klipu ya awali na kuvirudisha juu ya kiraka.

Usichore moja kwa moja kwenye mnyororo mkuu wa nodi, wenye rangi na maandishi. Chora kwenye tawi lake, ili ukiizima nodi uone ya zamani na mpya kwa kubofya mara moja. Hifadhi kwa namba mpya kila saa, umeme wetu mnaujua. Kagua kwenye ukubwa halisi, ikizunguka bila kusimama, na kwa muda kidogo pandisha mwanga wa dirisha la kutazamia: mishono iliyojificha kwenye giza itajitokeza.

Kama hamna klipu ya kujaribia, amkeni mapema. Ukiwa Moshi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi mlima huwa wazi kuliko saa nne, na nyaya hazikosekani. Tripodi, sekunde 8, waya mmoja upite kwenye anga na kwenye theluji. Futeni kwanza kwa mkono fremu 20 tu, mzicheze, mwone mtetemeko wenyewe. Kisha anzeni upya kwa Stroke moja na kiraka kimoja.