Kukausha sare na viatu vya shule wakati wa masika

Dada yangu wa Tandale, umeuliza kama unaweza kuacha jiko la mkaa likiwaka chumbani usiku ili sare na viatu vya mtoto vikauke. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu mkaa unaowaka chumbani hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuwaua nyote mkiwa usingizini, na kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutegemewa. Nguo zikunje ndani ya taulo kavu, uzikamue, kisha uzitundike zikiachana mbele ya feni, kwani katika unyevunyevu wa masika yetu upepo husaidia sana. Viatu vijaze magazeti, uyabadilishe yanapolowa. Ngozi ya viatu ikisogezwa karibu na moto hukakamaa na kupasuka.